Pimamaji ya Zamani Isisingiziwe

Mtaro wa mtaani kwetu ulipomalizika, furaha yetu ilidumu mpaka mvua ya kwanza. Badala ya kuteremka bondeni, maji yaligeuka yakaingia uani na kuzima jiko la mama mmoja, sufuria ya maharage ingali juu yake. Fundi alipoulizwa, aliitupia lawama pimamaji yake ya darubini: eti ni ya zamani mno. Jirani yetu, mpima ardhi mstaafu, akamwuliza, "Mwanangu, kabla ya kuanza kazi uliipima pimamaji yenyewe?" Fundi akainamisha kichwa.

Siisemi ile ndogo ambayo mwashi huilaza juu ya tofali. Hii ni darubini inayokaa juu ya miguu mitatu na kutazama mbele kwa mstari mlalo. Mpimaji husoma tarakimu za ufito uliosimamishwa huku, kisha za ule wa kule. Tofauti yake ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi.

Hapo kale mpimaji aliiacha darubini akazunguka ubavuni kuchungulia povu la hewa ndani ya kichupa. Adha hiyo iliondolewa na Mswisi Heinrich Wild, aliyefanya kazi kwa Zeiss mjini Jena, Ujerumani, kabla ya kuanzisha karakana na wenzake huko Heerbrugg, Uswisi, mwaka 1921. Kwa vipande vya kioo alizileta ncha mbili za povu zionekane bega kwa bega. Zikiungana kuwa upinde mmoja, darubini imelala sawa. Pimamaji iitwayo Wild N3 ina pia bamba la kioo mbele ya lenzi. Ukiliinamisha kwa skrubu, mstari wa kuona hupanda au kushuka kidogo mno, nawe wasoma sehemu ya kumi ya milimita. Ufito wake una utepe wa invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao jua haliutanui ila kidogo sana. Mgunduzi wake, Charles Édouard Guillaume, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1920. Kwa kipimo cha kwenda na kurudi, kosa la kawaida kwa kilomita moja ni kama milimita 0.2, yaani unene wa karatasi mbili hivi!

Hata hivyo, chombo kilichorushwarushwa garini hulegea, kiwe kipya au kikuukuu. Mzee alitupeleka uwanjani akapigilia vigingi viwili, mita 60 kati yake. Alisimama katikati kabisa: mita 1.482 na 1.235, tofauti 0.247. Hapo hata darubini iliyopinda husema kweli, maana hukosea sawasawa pande zote mbili. Kisha akaihamishia karibu na kigingi cha pili: 1.530 na 1.277, tofauti 0.253. Milimita sita zilikuwa zimejificha, nazo huongezeka kadiri ufito unavyokuwa mbali. Fundi wetu alikuwa akiusoma mtaro wote kutoka upande mmoja.

Mzee aligeuza skrubu ndogo kwa subira, akarudia kipimo mara tatu. Jumatatu mtaro ulianza kuchimbwa upya, kwa pimamaji ile ile, na safari hii fundi alihesabu hatua zake asimame katikati.