Hata Shangwe Tunasafirisha?

Kuna wenzetu wanaoamini Shinyanga hakuna mpira mpaka Simba au Yanga ije. Wiki nyingine zote Kambarage kwao ni ukuta tu wa kupita kando yake. Ikifika timu ya Dar ndipo utawaona: jezi mpya, uso umepakwa rangi, sauti imekauka tangu asubuhi. Kijana kazaliwa Ngokolo, kakulia Ngokolo, anaitukana timu ya mji wake kwa ajili ya klabu ya Kariakoo ambayo hata mtaa wake hajawahi kuukanyaga. Jamani, huu ni ugonjwa. Nasema hivyo nikijua nitatukanwa.

Septemba 2016 Stand United iliifunga Yanga, mabingwa watetezi, bao 1-0 hapo hapo Kambarage. Timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, kwa wapiga debe, wakaiita Chama la Wana, inamlaza bingwa wa nchi! Mji mwingine ungekesha. Mimi nilitoka uwanjani nikipishana na watu wa hapa hapa, majirani zangu, wamenuna kama wanatoka msibani.

Ukanda wetu huu umezoea kutoa. Almasi ya waridi ya Mwadui, iliyopatikana mwaka 1947, ilikwenda Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth. Dhahabu ya Geita nayo haikai Geita. Haya, mawe yana mikataba yake na wakubwa wake. Lakini shangwe? Nani katulazimisha kuipakia kwenye basi la Dar?

Watasema mpira wa chini ni wa kununuliwa. Ushahidi wanao. Mwaka 2016, mechi za mwisho za Ligi Daraja la Kwanza, timu ya Geita ilishinda 8-0 na Polisi Tabora ikashinda 7-0. TFF ikasema matokeo yamepangwa, ikazishusha, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Mabao manane, bwana! Hapo sibishi. Ila niambie: mechi inauzika kirahisi wapi, mbele ya jukwaa tupu, au mbele ya umati unaojua kipa amepanga nyumba ya nani? Wewe uliyebaki kibandani ukitazama ligi ya Uingereza usije kunihubiria rushwa.

Na Geita haikuishia pale. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, msimu wa kwanza ikamaliza ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga nyuma. Mngapi mlikwenda kumwona? Kisha zikaja siku za kushuka: Stand 2019, Mwadui 2021, Geita 2024. Kila mara nasikia, “Basi, mpira umekwisha.” Kwangu mimi ndipo unapoanza kunoga.

Maana huko chini unaketi karibu, unamsikia kipa akimfokea beki wake. Mshika kibendera anatukanwa kwa Kisukuma, na unamwona anavyotabasamu kwa siri kwa kuwa kaelewa yote. Mayu wa karanga anakukopesha mpaka mapumziko. Mzee wa nyuma yako anamfahamu winga tangu akicheza peku, tena anamwambia mbele ya watu, “Baba yako alikuwa na mbio kuliko wewe!” Winga anageuka, anajibu. Wapi Msimbazi au Jangwani utajibiwa?

Nanyi mnaojiita waandishi chipukizi, mnaniudhi zaidi. Nasoma mashairi yenu: mawimbi, minazi, mwezi juu ya Coco Beach. Mtu wa Kahama huyo! Bahari kaiona kwenye kalenda. Vumbi la Julai analolila kila siku halimo hata katika beti moja. Mnatafuta wahusika, nao wamekaa Kambarage Jumamosi nzima wakivunja karanga.

Kiingilio ni bei ya soda mbili. Mpira ni saa kumi, lakini gari la wagonjwa lisipofika refa hapulizi filimbi, na huwa linachelewa. Basi wachezaji wanakaa chini kwenye nyasi, mashabiki wanasogea uzioni, na zinaanza hadithi za nani alimfunga nani mwaka gani. Siku nyingine hiyo ndiyo nusu saa tamu kuliko mechi yenyewe. Njooni na kalamu.