Kenya: Tope la Ghuba ya Malindi lina ushahidi wake

Masika yanapokolea nchini Kenya, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Tope hilo huletwa na Mto Sabaki, ambao huanzia karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukaitwa Galana upitapo Tsavo, kisha ukamwaga maji yake kaskazini mwa mji wa Malindi. Linazigusa fukwe zinazotegemewa na utalii, na linaigusa hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968 ili kulinda matumbawe.

Ni rahisi kwa pwani kuwanyoshea kidole wakulima wa bara. Lakini lawama zisizo na tarehe hazimsaidii mtu. Tope lilianza kuongezeka lini? Je, linapungua au linazidi? Sehemu ya jibu imelala chini ya ghuba yenyewe.

Kalenda ya asili

Miamba na udongo huwa na chembe za urani. Katika kuoza kwake, urani hatimaye huzaa radoni, gesi ambayo sehemu yake hupanda hewani. Huko radoni hugeuka kuwa risasi-210, aina ya metali ya risasi yenye mnururisho hafifu. Mvua huishusha, nayo hunata kwenye chembe za udongo na kuzama pamoja nazo.

Risasi-210 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Mtafiti akichomeka bomba katika tope, akalikata tabaka baada ya tabaka na kupima kilichosalia, anaweza kukadiria umri wa kila tabaka hadi kufikia miaka 100 au zaidi kidogo. Berili-7, inayozaliwa angani kwa miale itokayo anga za mbali, hupungua kwa nusu kila siku 53. Tope lenye berili-7, basi, ni geni: liliguswa na mvua miezi michache tu iliyopita.

Neno mnururisho lisimtishe msikilizaji. Viasili hivi vimo, kwa kiasi kidogo mno, katika udongo wa kila shamba.

Kalenda hii ina kasoro zake. Minyoo, mawimbi na nyavu za kukokota huchanganya matabaka. Kwa hiyo matokeo hulinganishwa na ushahidi mwingine. Utafiti wa matumbawe ya Malindi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa mmomonyoko ulianza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, ukafikia kilele kati ya mwaka 1974 na 1980. Tatizo hilo, basi, ni kongwe kuliko mkulima wa leo, ambaye huenda ndiye anayechimba matuta ya fanya juu huko Machakos ili kuuzuia udongo wake.

Kabla ya bwawa

Suala hili lina haraka yake. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 katika Kaunti ya Makueni, limewekwa juu ya mto huo huo. Bwawa huzuia maji, lakini huzuia na udongo. Nafuu kwa matumbawe yaweza kuwa hasara kwa ufukwe, kwani ufukwe usioletewa mchanga huliwa na mawimbi. Pasipo kipimo cha hali iliyotangulia bwawa, kila upande utadai ushindi au fidia bila ushahidi.

Kwa msikilizaji aishiye mbali na bahari, jambo hili si geni. Mto Kagera hupeleka katika Ziwa Victoria udongo wa Rwanda, Burundi, Tanzania na Uganda, na risasi-210 imekwisha kutumiwa kukadiria umri wa mashapo ya ziwa hilo. Mito haina mipaka ya kisiasa. Nchi zinazochangia mto mmoja zitagombana juu ya udongo wake, au zitaupima pamoja kwanza. Njia ya pili ina gharama, lakini ndiyo pekee inayoweza kuonyesha ni wapi matuta yanahitajika.