Nipo Nipo Tu

Jamani, kuna jibu moja ambalo vijana wa mjini tunaliogopa kuliko malaria. Mtu anakuuliza, "Vipi, unafanya nini siku hizi?" Unajibu, "Nipo nipo tu." Ukishasema hivyo umekwisha. Aliyekuuliza anakuangalia kwa huruma, anaanza kukutajia binamu yake aliyepata kazi Dar, na usipoangalia anakununulia soda.

Leo naitetea hiyo "nipo nipo tu". Siitetei ya mwaka mzima, maana kodi ya nyumba hailipwi kwa maneno. Naitetea ya siku moja moja: siku ya kukaa ndani mvua ikinyesha, mkononi una sindano za kufumia sweta, au gitaa, au daftari, na pembeni luninga inarudia michezo ya zamani. Nasema siku kama hiyo ina kazi yake, na kwamba tunanyang'anywa huku tunacheka.

Mfano wangu ni Sumbawanga. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi ipo jirani. Mvua ikifungua Novemba inakwenda hadi Aprili, na ikikatika unaingia msimu wa baridi, ambapo Juni na Julai huwezi kutoka asubuhi bila sweta. Wengi wa mijini wakisikia jina la Sumbawanga wanawaza uchawi tu, wakati jina lenyewe kwa Kifipa linatafsiriwa kuwa tupa uchawi. Yaani mwenye nao auache huko huko nje kabla hajaingia. Lakini hayo tuyaache. Ninachotaka kusema ni kwamba hali ya hewa yenyewe huku inakupa siku za kukaa ndani, utake usitake. Swali ni unazifanyia nini.

Wazee wa Ufipa walikuwa na jibu. Kabla majembe ya dukani hayajajaa, chuma kilitengenezwa hapa hapa. Walijenga tanuru la udongo lenye urefu wa kama mita tatu, wakaliita ilungu. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mtu kukaa kupuliza mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipoingia kazini. Baadhi ya hayo matanuru marefu yamebaki yamesimama porini mpaka zama zetu.

Sasa sikiliza kinachonivutia mimi. Wafua chuma hawakufanya kazi ile sokoni wala katikati ya kijiji. Walijitenga. Walikwenda kukaa kambini kwao, mbali na wake zao, na miiko ikawalinda. Tanuru lenyewe walilitendea kama bibi harusi. Msomi wa leo anaweza kuzieleza dawa na ishara zake kwa kurasa mia, lakini mimi naona na jambo jingine la kawaida kabisa: watu walijua kwamba kuna vitu havitengenezeki huku kila mtu anakuita. Wakaweka utaratibu wa kutoitwa. Nani alithubutu kumwambia mfua chuma aliyejitenga kwamba yupo yupo tu?

Ufipa ilijulikana pia kwa nguo za pamba zilizofumwa kwa mkono. Wazungu waliopita huku karne ya 19 waliziona na kuziandika. Baadaye nguo za meli zikaingia, za bei nafuu, na ufumaji ukafa kama chuma kilivyokufa. Siwalaumu walionunua, hata mimi nisingekaa siku nyingi kwenye kitambaa kimoja wakati duka lipo. Lakini tulipopokea kitambaa cha bei nafuu tuliachia na kingine, yaani zile saa za kukaa kimya na kitu mkononi.

Mtaniuliza, luninga inaingiaje hapa? Si ndiyo yenyewe iliyotuharibu?

Ndivyo tulivyoambiwa utotoni. Na kweli Tanzania Bara tulichelewa sana. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi huku tukabaki na redio hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Televisheni ya Taifa, TVT, ikafuata miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa hiyo kizazi chetu kilikutana na luninga ikiwa bado mgeni. Iliwekewa kitambaa cha kudarizi juu kama mkwe. Jirani akiwa nayo, sebule yake ilikuwa ukumbi wa mtaa.

Na ilikuwa na mambo mawili ambayo leo hatuna.

La kwanza, ilikuwa na mwisho. Mchezo wa Kaole Sanaa Group pale ITV ulikuja siku yake, ukaisha, ukakuacha unajiuliza mpaka wiki ijayo. Hapo katikati ulikuwa na siku sita za kuishi maisha yako. Isidingo ya Afrika Kusini nayo ilikuwa na saa yake; ikiisha, wenye vyombo vya kuosha wanakwenda kuosha. Umeme wenyewe ulijua kukumaliza. Mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa kununua kutoka Zambia, na nchi nzima tunaukumbuka mgao wa 2006. Luninga ikizimika ghafla, mtu anainuka anatafuta la kufanya.

La pili ni kubwa zaidi: iliiacha mikono. Hebu jaribu kuangalia mchezo wa zamani ukiwa unafuma. Hupotezi kitu! Wasanii wale walitoka kwenye maigizo ya jukwaani, na watazamaji wao walikuwa wamelelewa na michezo ya redio, enzi za Pwagu na Pwaguzi pale Radio Tanzania. Kwa hiyo hadithi yote imo kwenye maneno. Mama mkwe akigomba, unamsikia; mwizi akijipanga, anakwambia mwenyewe. Macho yanainuka pale tu kelele zinapozidi, halafu yanarudi kwenye sindano. Ni redio yenye picha, na redio haijawahi kumzuia mtu kushona.

Simu je? Simu inakaa kwenye mkono wenyewe. Huwezi kuishika na ukashika sindano. Haina saa ya kufunga, haina "usikose wiki ijayo", ukimaliza kimoja kinajileta kingine kabla hujapumua. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nyumbani Jumamosi nzima, asitoke hata kununua vocha, na jioni asiwe amepumzika wala asiwe na kitu cha kuonyesha. Huyo hakuwa na siku tulivu. Alikuwa Kariakoo saa nane mchana, tofauti ni kwamba alikuwa amelala kitandani.

Najua wapo watakaosema hizi ni ndoto za kupenda vya kale, na kwamba michezo ile ilikuwa mibovu. Ndiyo, mingi ilikuwa mibovu! Sauti inapotea, taa inawaka usoni kwa mtu, jogoo anawika katikati ya mazishi. Lakini huo ubovu ulikuwa na somo. Seti ilikuwa sebule ya mtu, makochi yake na pazia lake. Nguo walitoka nazo kwao. Vijana wa Ze Comedy pale EATV, kabla hawajahamia TBC1 na kuitwa Orijino Komedi, walikuwa wanaichekesha nchi kwa mawigi, kanga na meza ya kusomea habari. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 na kuzikwa na umati ambao Dar haijausahau, aliingia kwenye luninga kupitia hizo hizo sebule za Kaole. Ukiangalia vitu vile ukiwa Sumbawanga, au Singida, au Lindi, unajisemea moyoni: hata mimi ningeweza. Picha za leo zinazong'aa zinakuambia kinyume, kwamba subiri kwanza upate kamera, studio, na nauli ya kwenda Dar.

Hapa tuna tatizo la lugha pia. Neno "mradi" tumeliuza. Zamani kulikusudia jambo kulikuwa kwako mwenyewe. Siku hizi mradi ni lazima uwe na mfadhili, andiko, semina na fulana zenye nembo. Dada akifuma sweta, swali la kwanza ni "unauza bei gani?" Kijana akichora, "umepata soko?" Akisema hauzi, tunarudi pale pale: kumbe upo upo tu. Sikatai biashara, na baridi ya Sumbawanga inajua thamani ya sweta. Ila kitu cha kwanza unachotengeneza, na cha pili, na pengine cha kumi, hakifai kuuzwa. Kinahitaji mahali pa kuharibikia bila kuchekwa, na mahali hapo ni nyumbani, siku ambayo hakuna anayekusubiri.

Lakini kuna jambo moja ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimewadanganya. Siku tulivu nyumbani ni ya nani? Kaka akisema leo natulia, anatulia. Dada akisema leo natulia, maji hayajachotwa, maharage hayajachambuliwa, mtoto analia, na wageni wamepiga hodi. Kwake yeye nyumbani ndiyo kazini. Hata kambi ile ya wafua chuma niliyoisifu, ilikuwa ya wanaume waliojitenga, na huko kijijini maisha hayakusimama kuwasubiri. Kuna aliyeendelea kulima na kupika. Utulivu wa mmoja mara nyingi umebebwa kichwani na mwingine, kama ndoo.

Kwa hiyo utetezi wangu una sharti. Kama unataka siku yako ya kufuma, kuandika au kukorogea rangi huku Kaole wanagombana kwenye luninga, chukua, ni haki yako, na usimwombe mtu radhi. Iweke kwenye kalenda kama unavyoweka harusi za watu. Simu iweke chumba kingine. Chagua kitu chenye mwisho, kikiisha zima. Halafu wiki inayofuata mpe na mwenzako siku yake, siku kamili, pamoja na ndoo yake ya maji na sufuria yake ya maharage uzibebe wewe.

Ukiniambia hilo haliwezekani kwa sababu hujui kupika maharage, nitakuuliza swali dogo tu. Wazee wa hapa walijua kutoa chuma kwenye udongo kwa kuvuta upepo. Wewe sufuria moja inakushinda?