Jani Linalotembea na Jicho la Adui

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu wadudu wanaofanana na majani, kwamba wamejificha wasionekane, yana kasoro ambayo makala za toleo hili zimekusudia kuidhihirisha: mdudu wa namna hiyo mara nyingi huonekana waziwazi, ila anayemwona humhesabu kuwa kitu kisicholiwa. Wanabiolojia hutenganisha hali mbili. Ya kwanza ni kufifia, ambapo rangi ya kiumbe huungana na mandhari hata jicho likampita bila kumgundua. Ya pili ni kujifananisha, ambapo kiumbe hugunduliwa lakini hutambuliwa sivyo. Panzi wa rangi ya udongo aliyetua juu ya udongo yumo katika hali ya kwanza, ilhali wadudu-majani wa familia ya Phylliidae, ambao ni jamaa wa wadudu-vijiti, hutegemea sana ya pili.

Tofauti hiyo ingedhaniwa kuwa ubishi wa wataalamu tu, lau isingepimwa. Mwaka 2010 John Skelhorn na wenzake wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambalo vifaranga wa kuku walipewa viwavi wa nondo wanaofanana na vijiti, wakiwa wamewekwa mahali peupe pasipo na cha kuwaficha. Vifaranga waliokwisha kuzoea matawi halisi walichelewa kuwashambulia viwavi hao, na waliwagusa kwa hadhari zaidi, kuliko wale ambao hawakuwahi kuona tawi au walioyaona matawi yakiwa yamezungushiwa nyuzi za zambarau. Kinga ya kiwavi, kwa hiyo, ilikuwa nusu katika umbo lake na nusu katika kumbukumbu ya kifaranga.

Kwa mwanga huo, maumbile ya mdudu-jani yanasomeka upya. Jike ana mabawa ya mbele yenye mistari kama mishipa ya jani, miguu iliyotanuka na kuwa bapa, na katika baadhi ya spishi kingo zenye mabaka ya kahawia, mfano wa jani lililoanza kuoza. Akitembea huyumbayumba kana kwamba anasukumwa na upepo, na mayai anayoyadondosha chini hufanana na mbegu. Udanganyifu wote huo haumfai kitu mbele ya adui asiyejua jani. Antonio Pigafetta, aliyesafiri na msafara wa Magellan, aliandika kwamba mwaka 1521, katika kisiwa kilicho karibu na Borneo, aliona miti ambayo majani yake yakianguka huwa hai na kutembea, akalifuga moja ndani ya sanduku kwa siku 9 akiamini kwamba linaishi kwa hewa. Asichekwe, kwani alikosea kama ndege wanavyokosea.

Wala wataalamu wa karibuni hawakusalimika. Kwa zaidi ya miaka 100 jenasi ya Nanophyllium, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ilijulikana kwa madume tu, wadogo na wembamba wenye uwezo wa kuruka, hadi mayai ya jike mkubwa kutoka Papua Guinea Mpya yalipoanguliwa Montreal mwaka 2018 na kutoa tunutu waliokua kuwa madume haohao. Jike alikuwa amewekwa katika jenasi nyingine.

Bara la Afrika halina wadudu-majani wa familia hiyo, ingawa wapo Shelisheli. Lina, hata hivyo, kivunjajungu aitwaye Phyllocrania paradoxa, anayefanana na jani lililokauka na kujikunja, naye ni mwindaji, kwa hiyo umbo lake huenda linawapotosha wanaomla na anaowala. Mdudu kama huyo akihifadhiwa makumbusho kwa sindano na kibandiko chenye jina la mahali tu, ushahidi ulio muhimu zaidi hupotea. Waandishi watakaoleta makala kwa toleo lijalo wanaombwa kutaja mmea aliokutwa nao mdudu, hali ya majani ya mmea huo kwa msimu ule, na ndege au mijusi walioonekana wakiwinda hapo.