Upungufu Katika Mawe ya Oklo

Aliyewahi kushika daftari la hesabu za jumuiya anaijua adha ya senti zisizooana. Fedha yenyewe ni ndogo, usiku umeingia, na mjumbe mmoja husema: "Katibu, funga tu hesabu." Mwezi wa Mei 1972, katika kiwanda cha Pierrelatte nchini Ufaransa, wataalamu walikutana na upungufu wa namna hiyo. Wao hawakufunga.

Kazi yao ilikuwa kupima urani. Madini haya yana atomi za aina mbili hasa: urani 238, iliyo nyingi mno, na urani 235, chache na nyepesi kidogo, ambayo hupasuka kwa wepesi ikatoa nishati. Ili kujua kiasi cha kila aina, sampuli hugeuzwa gesi, ikatiwa chaji ya umeme, kisha ikapitishwa penye sumaku kali. Iliyo nyepesi hupinda zaidi, nayo nzito hupinda kidogo. Kila moja huhesabiwa pale inapofikia. Kwa urani ya asili jibu lilikuwa moja siku zote: asilimia 0.7202 ni urani 235. Sampuli ile ilitoa 0.7171.

Tofauti hiyo ni kama atomi tatu katika kila laki moja. Lakini urani 235 ndiyo itiwayo katika mabomu, na upotevu wake si jambo la kufumbiwa macho. Wakapima tena. Wakaufuata mzigo kinyumenyume, hatua kwa hatua, hadi machimbo ya Oklo, karibu na Franceville nchini Gabon. Huko walikuta mawe yenye asilimia 0.44 tu, na kwa jumla zilikosekana kilo zipatazo 200 za urani 235.

Hakuna aliyeiba. Ilikuwa imeungua.

Ushahidi ulikuwamo ndani ya mawe yenyewe. Madini ya neodimi huwa na aina saba za atomi, na ile ya 142 ni asilimia 27 ya neodimi ya kawaida. Aina hiyo haizalishwi na mpasuko wa urani. Katika mawe ya Oklo ilishuka chini ya asilimia 6, kwa kuwa aina nyingine zilikuwa zimeongezwa na mpasuko. Septemba 1972 Francis Perrin akaitangazia dunia kwamba palikuwa na tanuri la nyuklia lisilojengwa na mtu.

Mkemia Paul Kuroda alikwisha kuandika mwaka 1956 kwamba jambo hilo linawezekana. Urani 235 huoza upesi kuliko mwenzake, hivyo miaka bilioni 2 iliyopita ilikuwa zaidi ya asilimia 3, kiasi kinachokaribia kile cha mitambo ya leo. Maji yaliyopenya mwambani yalipunguza mwendo wa nyutroni, na moto ukaendelea. Maji yalipochemka yakatoweka, moto ulizimika, yaliporudi, ukawaka. Vipimo vya gesi ya zenoni vilivyotangazwa mwaka 2004 vilionyesha zamu hizo: nusu saa kuwaka, saa mbili na nusu kupoa.

Na sehemu kubwa ya masalia ya moto ule, plutoni ikiwemo, haikusogea mbali na pale ilipozaliwa. Ndiyo maana wanaotafuta mahali pa kuzika taka za mitambo ya nyuklia huyasoma mawe ya Oklo hadi leo.