Krismasi ni likizo ya nani?

Wasee wa Nairobi, tuongee ukweli. Kila Disemba tunajazana Machakos Country Bus, tunalipa nauli iliyopanda, halafu tukifika ushago, iwe Kitui au Makueni, tunaketi chini ya mwembe kungoja chapati. Susu haketi. Asubuhi yuko shambani anapalilia, maana Disemba ndiyo mvua yetu Ukambani. Mchana anatupikia wote. Usiku, sisi tukiwa kwa simu, yeye ndio anashika kiondo aanze kusuka.

Mwaka jana nilimwomba anifundishe kusokota uzi. Unachukua katani, unaisokota kwa kiganja juu ya paja. Dakika ishirini tu, paja lilikuwa linawaka moto, na uzi wangu umejaa mafundo. Susu alicheka mpaka machozi. Na hapo bado hujaanza kitako, hujapandisha ukuta, hujapeleka kwa fundi wa ngozi aweke mishipi. Manze, hiyo ni kazi ya siku nyingi!

Sasa siku ya kurudi, binamu yangu akasema, "Susu, nipe hicho kiondo, si mimi ni familia?" Akapewa. Hakujua hicho ndicho kilikuwa kinunue unga wa Januari.

Maoni yangu ni haya: kama wewe ni familia, lipa kwanza, tena bila kuomba kupunguziwa. Na vyombo tuoshe sisi. Mikono ya susu iko na kazi.

Wewe cha kwako ulilipia?