Jicho Halingoji Jumatatu



Twaandika habari hii kwa ajili ya mwenzetu mmoja wa karakana ambaye sasa anaona kwa jicho moja. Jina lake hatulitaji, maana mwenyewe hakupenda, na karakana yenyewe hatuitaji vilevile. Lakini ameturuhusu tueleze mambo yalivyokuwa, nanyi mpime wenyewe lawama ni ya nani.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, yapata saa nane na nusu mchana. Alikuwa akikata boliti iliyoshikwa na kutu kwa tindo na nyundo. Tindo ile kichwa chake kilikuwa kimepondeka hata kikatandaa kama uyoga, kina nyufa pembeni. Sote tulikuwa tukiiona kila siku wala hakuna aliyeipeleka kusawazishwa. Alipopiga mara ya tatu au ya nne akasikia kitu kimemgonga jichoni. Akafumba, akapangusa. Damu hapana. Maumivu yalikuwa kidogo tu, kama ya mdudu aliyeingia. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akamfunua ukope, akampulizia, kisha akachokoa kwa ncha ya leso. Hakuona kitu. Msimamizi akaombwa ruhusa ya kwenda hospitali, akajibu kwamba karatasi ya wagonjwa hutiwa sahihi asubuhi, na ya siku ile imekwisha kwenda, aje Jumatatu. Mwenzetu hakubisha. Nasi tuliosimama pale hatukubisha. Neno hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Jumamosi jicho likawa jekundu. Jumapili jirani akamtilia maji ya majani. Jumatatu alipofika mbele ya daktari wa macho, usaha ulikuwa umejaa ndani na nuru imekwisha. Kigae cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, kilikuwa kimepenya na kukaa ndani ya jicho. Ilibidi jicho litolewe.

Kule shule ya misheni tulifundishwa habari za kibanzi na boriti, lakini kibanzi cha chuma hakuna aliyetufundisha. Tulidhani jeraha kubwa huuma sana na dogo huuma kidogo. Kwa jicho sivyo. Kigae kinachoruka kutoka nyundo kwa kasi chaweza kupita kama sindano, na tundu lake likajifunga hata usilione. Kwa hiyo anayepiga chuma kwa chuma, akagongwa jichoni, na apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama anaona sawasawa, hata kama mwenyewe anacheka na kusema si kitu. Hospitali atapigwa picha ionyeshe kama kuna chuma ndani.

Sasa tuseme habari ya kazi yetu. Injini ya dizeli ikizimika katikati ya Voi na Mtito Andei, usiku wa manane, hakuna anayesema ingoje Jumatatu. Simu inapigwa, kontrola anaamshwa, injini nyingine inatafutwa, na kila dakika ya kuchelewa inaandikwa kitabuni. Nasi twaona ni haki, maana njia ikizibwa kila kitu kimezibwa. Lakini jicho la mtu likizimika twaambiwa habari ya karatasi. Injini hununuliwa nyingine. Twawauliza wakubwa wa karakana, jicho lanunuliwa wapi?

Watu wengine watasema chama kinatafuta ugomvi. Hatutafuti. Twasema tu kwamba karatasi na iandikwe mtu akiwa amekwisha kwenda. Mnyapara mwenye akili hufanya hivyo tayari, na wako wengi.

Jambo la pili ni chokaa, saruji, soda kali ya kusafishia vyuma, na asidi ya betri. Hapa dawa si gari wala daktari, dawa ya kwanza ni maji, na ni sasa hivi. Mwenzako akirukiwa na chokaa jichoni, usimtafutie msimamizi, usitafute miwani yake, mburute mpaka kwenye bomba. Mfunue kope zote mbili kwa vidole, maana mwenyewe hataweza kufunua kwa maumivu, mwagia maji polepole nusu saa nzima, naye ageuze jicho huku na huku. Vipande vya chokaa vikionekana chini ya ukope viondolewe kwa kitambaa safi chenye maji, kwa sababu kipande kimoja kikibaki kitaendelea kuunguza. Asitiliwe kitu kingine cha kuua ukali wa dawa ile, ni maji tu. Ndipo apelekwe hospitali, na kibandiko cha mkebe kiende naye ili daktari ajue ni dawa gani. Wengi huogopa asidi na kudharau chokaa. Wamekosea. Asidi huunguza juu, lakini chokaa na soda huzidi kuzama ndani hata baada ya maumivu kupungua.

Angalieni basi tofauti yake, maana hapo watu huchanganya. Jicho lililorukiwa na dawa lioshwe sana. Jicho lililotobolewa lisioshwe, lisisuguliwe, wala lisifungwe kwa kulikaza. Kitu kikiwa kimechoma na bado kimesimama, msikichomoe. Chukueni kikombe cha karatasi, mkifunike juu ya jicho kiegemee mifupa ya pembeni, mkibandike, mwende. Asile wala asinywe njiani, pengine atapasuliwa siku ile. Utamjuaje aliyetobolewa? Mara nyingine mboni nyeusi ya katikati huacha kuwa mviringo ikavutika upande mmoja kama tone, au maji ya uvuguvugu hutiririka, au jicho laonekana limepwaya. Mara nyingine hakuna dalili, kama ya mwenzetu.

Wale wanaopigwa ngumi, au mpini wa sururu, au kokoto iliyoruka relini, watazamwe kama damu imejikusanya ndani mbele ya mboni, kama chai katika kikombe. Hiyo nayo ni ya hospitali upesi. Na mafundi wa kuchomelea wanaijua taabu yao wenyewe: mchana mzima, usiku macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Mara nyingi hupona kwa siku moja au mbili, lakini maumivu yakikaa zaidi, au kuona kukipungua, ni lazima aende. Wako wanaohifadhi chupa ya dawa ya kutia ganzi mfukoni na kujitilia kila jioni. Dawa hiyo yafaa mikononi mwa daktari tu. Ukijitilia mwenyewe kila mara yala jicho bila wewe kusikia.

Nje ya kazi pia jicho lina saa zake. Mtu akipoteza kuona ghafula, hata kama hakuna maumivu, ni hatari kubwa kuliko uchungu. Akiona umeme ukimulika, na vidudu vyeusi vingi vinaelea, na pazia likishuka upande mmoja, ngozi ya ndani ya jicho inabanduka, nayo ikiwahiwa yaweza kurudishwa. Jicho likiwa jekundu lenye maumivu makali, taa zikionekana zimezungukwa na pete za rangi, na mtu akitapika, watu hudhani ni tumbo au malaria, kumbe ni presha ya jicho. Akiona vitu viwili viwili ghafula, na uso umelegea upande mmoja au ulimi mzito, huyo ana jambo la ubongo, apelekwe mbio.

Tukienda likizo nyumbani, jani la hindi hukwaruza jicho shambani. Ikiwa siku ya pili jicho limezidi wekundu na doa jeupe limetokea juu ya kioo cha jicho, msinunue dawa dukani. Ziko dawa za matone zinazotuliza wekundu huku zikilisha ugonjwa. Na mtoto ambaye mboni yake yang'aa nyeupe, hasa katika picha, asingojwe hata wiki. Yaweza kuwa uvimbe wa saratani, na akiwahiwa hupona.

Basi na sisi wenyewe tujitazame, maana tukimsema msimamizi peke yake tutakuwa waongo. Nani huvaa miwani ya kazi juu ya paji la uso kama taji? Ni sisi. Twasema imekwaruzika, haionyeshi, na kweli mingi imekwaruzika, lakini hatukuirudisha stoo kudai nyingine. Nani humcheka kijana mpya anayeivaa? Nani alitia maziwa ya mama, majani, sukari, hata mate? Twafanya hayo kwa upendo, na kwa upendo ule ule twampeleka mtu gizani.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kukinga macho, wala mshahara usikatwe kwa ajili yake. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka ampeleke aliyeumia hospitali na kulipa gharama zake, naye aliyeumia ana miezi kumi na miwili ya kudai fidia. Kwa hiyo jeraha lolote la jicho liandikwe katika kitabu cha ajali siku ile ile, hata likiwa dogo. Mwenzetu yule jeraha lake halikuandikwa Ijumaa, likaandikwa Jumatatu, na sasa yuko anaulizwa maswali kama kweli aliumia kazini au baani. Sisi tuliokuwapo tumekwenda kutoa ushahidi, na tutakwenda tena tukiitwa.

Kila mmoja na ajue mapema atakimbilia wapi. Nairobi iko hospitali ya Kenyatta. Kikuyu, ambako reli yetu yapita, ina hospitali yenye idara ya macho. Mombasa iko Lighthouse for Christ. Watu wa magharibi wana Sabatia katika Vihiga. Mahali pengine ulizeni kwenye hospitali kubwa iliyo karibu afisa wa kliniki aliyefunzwa macho. Gangi zilizo mbali na mji ndizo zinazotupa wasiwasi zaidi, maana hata maji ya kuoshea ni ya kubeba.

Tutauleta mambo matatu mbele ya mkutano ujao wa tawi. La kwanza, aliyeumia jicho aende kwanza, karatasi ifuate. La pili, kila gangi ibebe mtungi wa maji safi usioguswa kwa chai wala kunawa mikono. La tatu, tindo zote zenye vichwa vilivyotandaa zikusanywe wiki moja na kupelekwa kusawazishwa, nasi tutaanza na za benchi letu. Ile iliyomtoa mwenzetu jicho tayari tumeiondoa, iko katika kabati ya katibu wa tawi, na anayetaka kuiona aje.

Yeye mwenyewe amerudi kazini, amepewa kazi ya stoo. Daktari amemwagiza kwamba jicho lililobaki likianza kuwa na ukungu au kuuma mwangani aende siku hiyo hiyo, kwa sababu jicho moja likitobolewa la pili laweza kuugua, hata baada ya miezi. Hutokea mara chache, lakini hutokea. Ametuomba tumkumbushe msimamizi wa stoo.